Scream 2: Filamu ya Masikio Iliyoponzwa na Mdomo

Mara ya kwanza kuitazama Scream 2 sikuimaliza. Ilikuwa kwenye banda la video, yale ya mabenchi ya mbao na gunia mlangoni, na mkanda wenyewe ulikuwa umepigwa mpaka rangi zimehama, Wazungu wote wana nyuso za zambarau. Binti yuko jukwaani, muuaji anamsogelea, anapeleka mkono kwenye kinyago ili akivue, umeme ukakatika. Tukakaa gizani. Mwenye banda akatoka, akatazama nyumba za jirani, akarudi kutuambia kwamba hela harudishi maana kilichobaki ni kidogo. Tukatawanyika tunabishana. Siku kadhaa mtaani kulikuwa na kambi mbili, wanaoshikilia kwamba muuaji ni mchumba wa yule binti, na wanaosema ni mpiga kamera aliyejifanya kukimbia. Mimi nilikuwa kambi ya mpiga kamera, naitetea kama nina hisa ndani yake.

Miaka baadaye nikaipata nzima, nikaziona zile dakika tulizonyimwa. Umeme ulikuwa mhariri mzuri kuliko waliolipwa kwa kazi hiyo.

Scream 2 ina kasoro ambazo hata mtoto angekutajia, na bado ukiiweka usiku wa leo hakuna atakayeinuka. Filamu mbovu tunajua kuisema, nzuri nayo tunajua kuisifia. Inayosumbua ni hii ya katikati, unayoiponda huku kidole kinairudisha nyuma uone tena pale kwenye kioo. Nimekuwa nikijiuliza muda mrefu ni nini hasa kinachoibeba, na jibu nililolipata ni la ajabu kidogo kwa filamu ya visu: kinachoibeba ni masikio. Kila tukio linalokaa kichwani humo ndani linamhusu mtu anayeita asisikike, au anayesikia kitu ambacho angeomba asikisikie. Inapoteleza ni pale inapoyasahau masikio na kufungua mdomo ieleze.

Kwanza tuweke msingi kwa wasiokuwapo. Scream ya kwanza ilitoka Desemba 1996, mwongozaji Wes Craven, mwandishi Kevin Williamson. Katika mji mdogo wa Woodsboro, California, kuna mtu anapiga simu, anauliza maswali kuhusu filamu za kutisha, ukikosa jibu unakufa. Aina hiyo ya filamu ilikuwa imeshachoka kabisa. Halloween ya 1978 na Friday the 13th ya 1980 zilizaa watoto, watoto wakazaa wajukuu, na ilipofika 1989 Friday the 13th ilikuwa sehemu ya nane na jamaa yake wa kinyago, Jason, anatembeza panga New York. Craven na Williamson wakaja na vijana waliokwishazitazama zote hizo na wanajua kanuni zake kwa kichwa, kisha wakawaua hivyo hivyo. Ikaingiza zaidi ya dola milioni 170 duniani. Kwa hesabu hiyo, wenye mali hawakutaka kungoja.

Sehemu ya pili ikawa sinema tarehe 12 Desemba 1997, mwaka haujatimia. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, lakini hii ilikuwa na baraka ya kama dola milioni 33 katika siku tatu za kwanza, kwa filamu iliyogharimu milioni 24. Kilichokosa baraka ni skripti. Upigaji picha ukiwa unaendelea, kurasa zake zikavuja kwenye intaneti, ambayo wakati ule wengi wetu hatujaisikia hata kwa jina. Ikabidi Williamson aandike upya huku kamera zinazunguka, na waigizaji wakafichwa kurasa za mwisho mpaka karibu na kuzipiga. Ukilijua hilo, mwisho wa filamu unaanza kuonekana kama nyumba iliyoezekwa mvua inanyesha.

Ila mwanzo wake, jamani.

Tuko kwenye ukumbi wa sinema. Inaonyeshwa filamu iitwayo Stab, iliyotengenezwa kutokana na mauaji ya Woodsboro, yaani filamu ya kwanza imekuwa filamu ndani ya filamu ya pili. Wenye Stab wamegawa majoho meusi, vinyago vya mzuka na visu vya plastiki kama tangazo, kwa hiyo ukumbi mzima umevaa kama muuaji. Watu wanakimbizana kwenye vijia, wanarushiana bisi, wanapiga kelele. Wanaingia wapenzi wawili weusi, Maureen na Phil, yaani Jada Pinkett na Omar Epps. Maureen hakutaka kuja. Analalamika kwamba hizi ni filamu za wasichana wa Kizungu wajinga wanaokatwa katwa, na kwamba aina hii ya filamu haijawahi kumjali mtu mweusi.

Phil anakwenda msalani. Kwenye choo cha pembeni kuna mtu ananong'ona, anaguna, anasema vitu visivyoeleweka. Phil anasikiliza. Haisikiki vizuri. Anasogeza sikio mpaka linagusa ukuta wa mbao. Kisu kinapita ukutani na kuingia humo humo sikioni.

Nimeliona tukio hilo labda mara ishirini, na kila mara mkono wangu unapanda wenyewe kufunika sikio la kushoto. Damu yenyewe ni kidogo. Kinachochoma ni kwamba Phil ameuawa kwa kitendo ambacho sisi wote tungekifanya, kusogea tusikie vizuri. Ndani ya dakika chache Craven ameshatuambia filamu hii itatupiga wapi.

Muuaji anavaa koti la Phil, anarudi ukumbini, anakaa kando ya Maureen. Anamwegemea akidhani ni mpenzi wake. Mkono unaloa. Anachomwa kisu katikati ya mamia ya watu, na mamia hao wanamwona, wanashangilia, wanadhani ni sehemu ya tangazo. Anatembea akiyumba kati yao hadi mbele, anapanda jukwaani, anasimama chini ya skrini kubwa ambako msichana mwingine, wa kuigiza, anauawa kwa wakati ule ule, na anapiga ukelele mmoja mrefu. Hapo ndipo kelele za ukumbi zinapungua kidogo kidogo, kutoka mbele kwenda nyuma, kadiri mmoja mmoja anavyoelewa.

Kwenye banda letu kelele zilipungua pamoja nao. Kwa aliyewahi kukaa kibanda umiza hilo si jambo dogo. Banda halinyamazi. Kuna kanuni zake: steringi hafi, adui anakufa mwisho, na mtazamaji ana wajibu wa kumwonya steringi. "Geuka nyuma!" "Yuko mlangoni huyo!" "Wewe mwanamke, usipande ngazi!" Tunapiga kelele kwa watu ambao hawawezi kutusikia, tunajua hawawezi, na tukitoka sauti zimekauka. Craven alikuwa akiwachora watazamaji wa Marekani, lakini nilipomwona Maureen pale mbele nilihisi kama mtu ameweka kamera kwenye mabenchi yetu na kuigeuza.

Kuanzia hapo filamu inahamia Chuo cha Windsor, chuo cha kubuni, ambako steringi wetu Sidney Prescott, yaani Neve Campbell, anajaribu kusoma na kuishi kama watu wengine. Simu zinaanza tena. Sauti ya muuaji ni ya mtu mmoja siku zote, Roger L. Jackson, na katika filamu ya kwanza Craven alimficha asionane na waigizaji. Alikuwa akiwapigia simu kweli, wakiwa mbele ya kamera, na wao hawajui sura ya mtu wanayeongea naye. Ujanja wa aina hiyo unasikika mpaka leo. Ile sauti ni laini, ya mtu mwenye nafasi, kama mtangazaji wa vipindi vya usiku anayesoma salamu.

Chuoni Sidney anaigiza tamthilia. Nafasi aliyopewa ni ya Cassandra, yule binti wa Troy ambaye Apollo alimpa uwezo wa kuona yajayo kisha akamlaani asiaminiwe na mtu. Wanafanya mazoezi, wenzake wamevaa majoho na vinyago wanamzunguka, na katikati yao anamwona muuaji. Anapiga kelele. Wenzake wanashangaa, hawajaona kitu. Mwalimu mkali wa fasihi atasema hii ni ishara iliyowekwa waziwazi mno, na atakuwa na haki. Mimi nimeisamehe, kwa sababu inafanya kazi hata kwa asiyemjua Cassandra. Pale bandani hakuna aliyemjua, na kila mtu alielewa: anasema kweli, hawamsikii.

Halafu kuna Randy. Jamie Kennedy anamcheza kijana mpenda filamu, anayejua kanuni zote, kipenzi cha watazamaji wa sehemu ya kwanza. Huyu ndiye anayetupa kanuni za mwendelezo: maiti ziongezeke, na vifo viwe vya madoido zaidi, damu zaidi. Kwa maiti filamu ilitii, nimehesabu, kumi dhidi ya saba za kwanza. Randy mwenyewe anakuwa mmojawapo, tena mchana kweupe, kwenye uwanja wa chuo wenye nyasi, watu wamejaa. Muuaji amepiga simu ya mkononi. Randy anaambiwa na wenzake aendelee kuongea naye, wao wanakimbia huku na huko wakimkagua kila mwenye simu sikioni. Randy anatembea akiongea, anajaa kiburi, anamtukana yule wa upande wa pili, anatembea mpaka anafika mgongo wake ukiwa kwenye gari la matangazo la kituo cha televisheni. Mlango unafunguka, anavutwa ndani. Gari linatikisika. Wanapita vijana na redio kubwa inayopiga muziki, na muziki unameza kila kitu.

Wengi hawajaisamehe filamu kwa kifo hicho, wakisema ilimtupa mhusika wake mzuri kuliko wote. Kwamba ilimtupa ni kweli, na sehemu ya tatu ilikuja kulipa deni hilo vibaya, ikamrudisha kwenye mkanda wa video. Lakini kama tukio ni la kikatili kwa namna iliyopimwa. Mtu anayejua kuongea kuliko wote anauawa akiwa anaongea, ndani ya gari lililojengwa kwa ajili ya kurusha sauti, na mita chache kutoka hapo kuna watu wanaokula chakula cha mchana.

Nifike kwenye kioo. Gale Weathers, mwandishi wa habari anayechezwa na Courteney Cox, anamkimbia muuaji ndani ya jengo la idara ya filamu na kujificha kwenye chumba cha kurekodia. Vyumba viwili, katikati kioo kikubwa kisichopitisha sauti. Upande wa pili anatokea Dewey, askari mwenye mguu mbovu, David Arquette, mtu anayempenda na aliyekuwa akigombana naye filamu nzima. Wanaonana. Nyuso zinafunguka kwa furaha. Dewey anasema kitu, hatukisikii. Nyuma yake anasimama yule wa joho jeusi. Gale anapiga kelele, anapiga kioo kwa viganja, na Dewey anamtazama tu, anajaribu kuelewa. Kisu kinashuka mgongoni, mara ya kwanza, ya pili, na uso wa Dewey unateleza kwenye kioo ukiacha alama.

Bandani hakuna aliyesema "geuka nyuma". Hakukuwa na haja, Gale alikuwa akiisema kwa niaba yetu, na tukaona inavyokuwa. Jamaa aliyekaa mbele yangu, fundi baiskeli, mtu mzima, alikuwa ameshika ubao wa benchi kwa mikono miwili kama yuko kwenye daladala.

Dewey hafi. Hilo ni tusi. Amechomwa mgongoni mara zaidi ya moja, ameanguka, tumemlilia, na mwishoni anatolewa kwenye machela akiwa hai na mwenye maneno. Na ni mara ya pili, maana sehemu ya kwanza pia alichomwa akafufuliwa dakika za mwisho. Hata muziki unaomfuata Dewey ni wa kuazima, gitaa la Hans Zimmer kutoka Broken Arrow ya 1996, filamu ya ndege na mabomu ya nyuklia. Pengine mtu anayetembea na muziki wa filamu ya mapigano ndiyo maana hafi, steringi wa kukodi.

Lipo tukio jingine ambalo naliweka juu zaidi ya kioo, na limejengwa kwa ukimya. Sidney na rafiki yake Hallie wako siti ya nyuma ya gari la polisi. Walinzi wao wawili wameshauawa, gari limegonga, na muuaji amezimia kwenye usukani. Milango ya nyuma ya gari la polisi haifunguki kwa ndani, na kati ya siti kuna wavu wa chuma. Njia pekee ni kupenya mbele na kutoka kwa dirisha la dereva, juu ya mapaja yake. Anatangulia Sidney. Goti hapa, mkono pale, uso wake unapita karibu na kile kinyago kiasi cha kuhisi pumzi. Kisha Hallie, polepole zaidi.

Hapo banda liligawanyika. Nusu wanasema kimbia. Nusu wanasema mvue kinyago, yuko hapo, nyoosha mkono tu! Tulikaribia kupigana. Wasichana wote wawili wametoka salama, wameanza kukimbia, na Sidney anasimama. Anataka kurudi akamwone ni nani. Hallie anamsihi asiende. Sidney anarudi, gari ni tupu, na nyuma ya mgongo wake Hallie anauawa.

Nilipoliona tena nikiwa mtu mzima ndipo nilipoelewa nini kilifanyika. Katika filamu nzima, ni pale tu mhusika anapofanya kile ambacho watazamaji wanampigia kelele akifanye. Kwa mara moja tu alitusikia. Aliyelipa ni Hallie.

Craven alikuwa profesa wa chuo kabla ya kuwa mwongozaji, alifundisha fasihi ya Kiingereza, na ukiangalia matukio kama hilo unaona mtu anayejua kumpa msomaji anachotaka kwa namna itakayomuuma.

Sasa niseme na kasoro, maana nimeisifia mno mpaka naanza kujishuku.

Ufumbuzi wa katikati ya filamu umeachwa njiani. Gale na Dewey wanagundua kwamba waliouawa wana majina yanayofanana na waliokufa Woodsboro: Maureen kama mama yake Sidney, Phil Stevens kwa Steve, Casey Cooper kwa Casey. Ni ugunduzi mzuri, ngozi inasisimka, unaanza kuhesabu nani anafuata. Filamu hairudi tena hapo. Waliofuata waliuawa kwa sababu walikuwa karibu. Hiyo naiona ni alama ya kurasa zilizobadilishwa njiani, mtu kaanza kufuma kikapu, akaitwa nje, mwingine akaja kumalizia mkeka.

Walinzi wa Sidney ni mapambo. Kuna wimbo ambao mchumba wake, Derek, anapanda juu ya meza za bwalo kumwimbia mbele ya chuo kizima, na sijawahi kukutana na mtu anayeweza kuutazama bila kuona aibu kwa niaba ya wote waliomo. Casey Cooper anachezwa na Sarah Michelle Gellar, ambaye mwaka ule ule alikuwa ameanza kuua mazimwi kwenye televisheni. Hapa anatupwa kutoka ghorofani baada ya simu chache. Tuendelee.

Kubwa zaidi ni lile la Maureen. Filamu inajua kosa la filamu za aina yake kwa watu weusi, inalisema waziwazi dakika za mwanzo, kwa maneno makali na ya kuchekesha, halafu inawaua wote wawili kabla jina la filamu halijatokea. Baadaye inamuua Hallie. Kuna anayeitetea kwamba huo ndio mzaha wenyewe. Mimi naona mzaha unaofanana na kosa mpaka huwezi kuvitofautisha ni kosa lenye mdomo mrefu. Anayepona ni Joel, mpiga kamera mpya wa Gale, Duane Martin, yule niliyekuwa naapa mtaani kwamba ndiye muuaji. Joel anasoma kitabu cha Gale, anakuta mpiga kamera aliyemtangulia alipasuliwa tumbo, anakuja kulalamika, na Gale anamtuliza kwamba hapana, hilo la tumbo aliliongezea chumvi, jamaa alikatwa koo tu. Randy alipokufa Joel akaondoka zake. Hakuna mwingine katika filamu nzima aliyesikia alichoambiwa na akakifanyia kazi siku hiyo hiyo.

Na mwisho, zile dakika zangu za gizani.

Muuaji anavua kinyago na ni Mickey, Timothy Olyphant, rafiki wa darasa la filamu, mhusika ambaye tumemwona mara chache kiasi kwamba pale bandani asingekuwa na kambi. Anampiga Derek risasi, anaanza kueleza. Anataka akamatwe, apelekwe mahakamani, aseme filamu ndizo zilizomfanya aue, awe maarufu. Ni wazo zuri. Marekani ya miaka ile wanasiasa walikuwa wakigombana kweli kuhusu ukatili kwenye filamu, na kumpa muuaji hoja ya wanasiasa ni kejeli ya kufaa. Lakini tunaambiwa tu. Mickey anaongea akizunguka, macho yamemtoka, mikono inapaa, na dakika chache tu nyuma tulikuwa kwenye gari ambako hakuna aliyethubutu kupumua.

Halafu anatokea wa pili. Ni mwanamke aliyejifanya mwandishi wa gazeti la hapo, anayemganda Gale filamu nzima kwa maswali, kumbe ni Bi Loomis, mama wa Billy, muuaji wa sehemu ya kwanza. Amekuja kulipa kisasi cha mwanawe. Amempata Mickey kupitia intaneti, amemtumia, anampiga risasi naye. Anaanza kueleza na yeye.

Kuna ujanja hapa ambao nimeupenda kichwani kuliko nilivyoupenda machoni. Tukio la kwanza kabisa la filamu ya kwanza lilikuwa na swali la simu: nani muuaji katika Friday the 13th? Msichana akajibu Jason, akakosea, maana ya kwanza ile muuaji ni mama yake Jason. Karibu mwaka mmoja baadaye, sehemu ya pili inakupa jibu lile lile, na wewe uliyecheka kosa la msichana umekosa kwa kosa hilo hilo. Laurie Metcalf anamcheza mama huyo kwa macho ambayo hayapepesi, na kama angepewa matukio mawili matatu zaidi huko nyuma, ya kumfanya tumjue, hapa ningekuwa naandika kitu kingine. Alichopewa ni maneno. Anasema ni kisasi, anafafanua kisasi, anamlaumu mama wa Sidney, na wewe unakumbuka umeacha maji jikoni yanachemka.

Panapopona kidogo ni alipoingia Cotton Weary. Liev Schreiber ni mrefu, mpole kwa namna inayotia shaka, mtu aliyefungwa kwa kosa ambalo hakulitenda kwa ushahidi wa Sidney, na filamu nzima amekuwa akiomba kitu kimoja tu, Sidney akubali kukaa naye kwenye mahojiano ya televisheni. Sasa ameshika bastola. Bi Loomis anamshawishi upande huu, Sidney upande ule, na Cotton anasikiliza. Anapima. Unaona kabisa anapima bei. Sidney anamkubalia mahojiano, Cotton anafyatua. Ni mazungumzo pia, ila hapa neno moja linanunua roho ya mtu, na anayesikiliza ndiye mwenye kuamua. Masikio yamerudi kazini kwa dakika moja.

Nje kumekucha. Joel amerudi na kamera yake, Gale anaanza kutangaza, anamwona Dewey kwenye machela, anaacha utangazaji na kupanda naye gari la wagonjwa. Waandishi wanamkimbilia Sidney, anawaelekeza kwa Cotton, anaondoka peke yake kukatiza uwanja wa chuo.

Mwaka juzi nilikutana na yule fundi baiskeli, siku hizi ana duka la vipuri. Tulikumbushana banda, tukacheka habari ya hela zisizorudishwa. Nikamwambia hatimaye niliimaliza, nikamuuliza kama anataka kujua muuaji alikuwa nani. Akakaa sawa. Nikamwambia alikuwa Mickey, pamoja na mama yake Billy.

Akakunja uso, akafikiri.

"Mickey yupi? Na huyo mama katokea wapi?"

Nikaanza kumweleza. Nilipofika kwenye intaneti akanikata kauli, akataka nimkumbushe vizuri lile tukio la kwenye kioo, Dewey alikuwa amesimama upande gani.